Nilivyoikimbia Foleni Yangu

Vyama vingi vilipoingia, vijana wenzangu hapa Nkololo walinisukuma nigombee uenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti wetu amelizungushia miiba lambo la kijiji, na ng'ombe wa mama wanakonda kwa kiu.

"Gombea tu, tuko nyuma yako!" waliniambia. Mimi, ninayeona haya hata kuagiza chai mgahawani, nikaamini.

Kura yetu haina karatasi. Wagombea husimama mbele, na kila mtu hupanga foleni nyuma ya anayemtaka. Siku ilipofika nilisimama nikitazama chini. Nikasikia miguu ikinipita, yote ikielekea kwa mwenyekiti, aliyekuwa akimkazia macho kila mmoja. Vijana wangu nao wakaenda. Nikaona aibu kubaki peke yangu pale, nikajipenyeza katikati yao.

Msimamizi akaanza kuhesabu, kisha akasimama mbele yangu. "Wewe si mgombea? Mbona unampigia kura mwenzako?"

Watu wakaangua kicheko. Nami nikajichekesha, mpaka nilipogeuka.

Kumbe mama alikuwa amepanga foleni nyuma yangu tangu mwanzo. Alikuwa bado amesimama palepale nilipomwacha, peke yake, mbele yake hakuna mtu.

"Mwanangu," akaita, "sasa mimi nimchague nani?"