Njano ya Mwezi wa Nane

Karatu nzima hapakuwa na watu wawili walioshiriki wazimu mmoja kama Elimringi na mkewe Ndeshi. Wenzao waliotoka nao Machame walijinyima wakajenga nyumba za kulala wageni. Hawa wakakusanya magari ya mbio ya zamani, yale mafupi ya viti viwili, yasiyobeba hata mbuzi. Mchana Elimringi alitengeneza Landrova za watalii katika gereji yake kando ya barabara ya Ngorongoro. Jioni yeye na mkewe walivaa ovaroli, wakaingia uani kwenye magari yao, na wa kuwatoa huko hakuwapo.

Wazimu huo ulianza wakiwa bado vijana, siku magari ya mashindano yalipopita Moshi yakirusha matope, na Ndeshi akagoma kurudi nyumbani mpaka la mwisho lipite. Elimringi alimtazama yule binti aliyetapakaa matope mpaka kwenye nyusi, akaamua kwamba huyu ndiye. Yeye akawa wa injini na bodi. Ndeshi alishona viti, kisha akajifunza kupuliza rangi, na kwa kazi hiyo mafundi wa Arusha walimvulia kofia.

Mwaka 1999 walikuwa wanamalizia gari aina ya Triumph isiyo na paa, waliyoikuta kwenye ghala la shamba moja la kahawa Oldeani, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Mzungu mwenye gari alikuwa ameondoka zamani, na msimamizi aliwaachia baada ya Elimringi kumfufulia trekta. Walihangaika nayo miaka na miaka. Vipuri vingine waliletewa na watalii wenye moyo mwema, vimefungwa ndani ya soksi. Ikabaki rangi tu, na Elimringi alishaichagua: njano ya ndizi mbivu.

Hapo ndipo macho yake yalipoanza kufifia. Ilikuwa presha ya macho. Alikuwa akiona kama anachungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe lilizidi kuwa jembamba. Daktari alimwita Ndeshi pembeni, akamwambia bila kuzunguka kwamba hicho kilichobaki kinaweza kwisha wiki yoyote, na hawezi kumwahidi kwamba kitafika mvua za vuli.

Mtu wa Karatu ataelewa hapo taabu iko wapi. Gari hupulizwa rangi mvua zikishalaza vumbi. Mwezi wa nane upepo unavuma kutwa, magari ya watalii yanapishana kwenda kreta ya Ngorongoro, na lile vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye chungu chenye kifuniko. Ndeshi alizungushia kibanda cha uani maturubai, akapuliza. Kufika jioni gari lilikuwa kama limenyunyiziwa pilipili ya unga. Akalikwangua kwa msasa, akarudia, ikawa vile vile. Rangi iliyobaki ilitosha kupuliza mara moja tu.

Hakumwambia mumewe. Alikaa nyuma ya kibanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia, na hapo ndipo alipokutwa na Marsela, jirani yake Mwiraqw, mwenyeji wa Karatu, aliyekuwa akirudi na mzigo wa kuni.

"Mama Nehemia, nani kafa?"

"Hajafa mtu. Ni hili vumbi." Akamweleza yote, ya macho na ya rangi.

Marsela aliitazama barabara. "Kwa hiyo vumbi likilala, Baba Nehemia ataliona gari lake."

"Litalala mvua zikija, dada."

"Jumapili mkitoka ibadani, we puliza tu," Marsela akasema, akajitwika kuni zake akaenda.

Ndeshi alidhani ni maneno ya kumfariji. Mwezi wa nane maji Karatu yanagombewa, na watu wazima wanaoga kwa kopo moja. Lakini Jumapili ile, kabla hajabadili nguo za kanisani, aliwaona wanakuja: Marsela mbele na ndoo kichwani, nyuma yake akina mama wa mtaa, na mzee Tluway akiswaga punda wenye madumu. Ndio wale wale waliokuwa wakimcheka na vigari vyake. Wakamwaga maji barabarani, wakamwaga uani, wakalowanisha maturubai. Magari ya watalii yalipotokea, mzee Tluway aliwasimamisha punda katikati ya njia bila haraka yoyote, na madereva wakapita mwendo wa kusindikiza harusi. Ndeshi alipuliza huku machozi yakimsumbua ndani ya miwani, akiwataja moyoni mmoja mmoja. Hakuwa amejua kwamba ugenini wanapendwa kiasi kile.

Kesho yake asubuhi walilisukuma gari juani. Akina mama walikuwa wamekuja tena, wameegemea uzio. Ndeshi alimshika mumewe mkono akamsimamisha mbele ya gari. Elimringi aligeuza kichwa taratibu kutoka taa ya kulia kwenda ya kushoto, kama anayesoma maandishi madogo. Alikawia hapo mpaka Ndeshi akaogopa kwamba wamechelewa.

"Mama Nehemia," akasema hatimaye, "hapa juu ya taa umeacha mdudu amenasa."

Ndeshi aliinama, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. Kweli, kalikuwapo kadudu kadogo kuliko punje ya ulezi, mguu mmoja juu. Yeye mwenye macho mazima alikuwa amekapita.

Akageukia uzio. Alijua neno la Kiiraqw la kushukuru, akalisema, "Naas," lakini aliona halitoshi, akaongeza kwa Kiswahili.

"Ameliona," akasema. "Ameliona lote."