Msomaji Asiye na Neno Lake

Leocadio Bringas alikuwa na sauti. Hilo simnyimi. Kwa miaka kumi na tisa aliketi kwenye kiti cha juu katika kiwanda chetu cha sigara nene, hapa San Luis, Kuba, akitusomea gazeti asubuhi na riwaya mchana, sisi tukisokota tumbaku. Kisomo kikitupendeza tunagonga ubao kwa visu vyetu. Kikituudhi tunavitupa sakafuni.

Mimi sikwenda shule. Aliponitaka aliniambia, "Remigia, mtu hapendwi kwa uso wake, hupendwa kwa namna anavyofunga mlango." Nani asingeyeyuka? Nikamfungia milango miaka minane, nikamfulia mashati yake meupe, nikamchemshia asali na ndimu kwa ajili ya koo lile.

Kisha akamfuata mshonaji wa mji wa Cienfuegos, akaniachia karatasi mezani. Jirani yangu Obdulia alinisomea hadi nikaishika kichwani: "Siondoki kwa kuwa pendo limekwisha, bali kwa kuwa limenizidi kimo. Aachwaye hubaki na nyumba. Aachaye hubaki na njia tu."

Nilimchukia, lakini maneno yale niliyatunza. Nilijiambia: shetani yule, ila aliandika huku analia. Miaka kumi na mmoja niliishi kwa hayo. Fundi viatu alinichumbia mara mbili nikamkataa, kwa sababu hakujua kusema.

Mwaka jana tulipiga kura, tukachagua kitabu cha zamani cha Evaristo Lozada, yule mwandishi mashuhuri wa riwaya, alichoandika uzeeni juu ya maisha, uadilifu na kuvunjika moyo. Msomaji wetu mpya, Zoraida, akafungua ukurasa: "Siondoki kwa kuwa pendo limekwisha..."

Mdomo wangu ukaendelea wenyewe, kwa sauti, mpaka kwenye "njia tu." Wakagonga visu.

"Mama wee, Remigia! Umejifunza kusoma lini?"

"Huyu kasomewa kitandani," Obdulia akajibu, naye alijua. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Ijumaa yake, katika kitabu hichohicho, tukaufikia na ule mlango wa kupendwa.

Zoraida alipokwenda kujifungua, kiti kikabaki kitupu. Nani akaja kukiomba? Leocadio. Mshonaji alikuwa amemtimua, na shati lake lilikuwa na ukosi wa njano. Desturi ni kwamba anayeomba husoma, kisha sisi huamua. Akachukua kitabu cha Lozada. Sauti ilikuwa ileile. Visu vikaanza kugonga.

Nikasimama.

"Bwana Leocadio, weka kitabu chini. Tuambie neno moja, lako mwenyewe."

"Neno gani, Remigia?"

"Lolote. Sema kwa nini uliondoka."

"Ehee, sema, bwana!" Obdulia akadakia. "Au mpaka ukaulize duka la vitabu?"

Akafungua mdomo. Kisha akalamba kidole, mkono wake ukarudi kwenye kitabu kutafuta ukurasa.

Kisu changu kilianguka kwanza. Vingine vikafuata, mia na ushei.

Siku hizi anauza karanga langoni, amezifunga kwenye karatasi za magazeti ya zamani. Nanunua kila siku. Naikunjua karatasi mbele yake, namwambia, "Nisomee, bwana, mimi sikwenda shule."

Hunisomea mpaka mwisho, hata bei ya viazi ya mwaka juzi. Nami nakula karanga.