Mafuta ya Avokado na Mbwa wa Kanisani

Mikono ya mama ilipasuka kwa kuchuma majani chai. Utomvu uliingia kwenye nyufa za vidole ukakaa humo mweusi, na Julai ilipofika na baridi yake pale kwetu karibu na Sosiot, ngozi zetu sote zilikauka hadi ungeweza kuandika jina mguuni kwa ukucha. Mafuta ya kopo ya dukani yalitung'arisha kidogo tu, halafu tukarudia kuwa weupe kama watu waliotoka kwenye kinu cha unga.

Katikati ya miaka ya tisini, nikiwa msichana wa shule ya msingi, mama alienda mkutano wa akina mama wa kanisa akarudi na habari kwamba avokado lina mafuta yanayoponya ngozi. Baba alicheka sana. Kwetu avokado lilikuwa chakula cha mbwa. Matunda yalianguka yenyewe nyuma ya zizi, na mbwa wetu walinenepa kwayo hadi wageni wakadhani tunawalisha nyama.

"Mama watoto, sasa unataka tujipake chakula ya mbwa?"

"Umeona mbwa iko na magaga?" mama akamuuliza. "Angalia ngozi yake, halafu uangalie miguu yako."

Baba alitazama visigino vyake vilivyopasuka kwa gambuti, kisha akamtazama mbwa aliyelala mlangoni aking'aa.

Mama aliponda avokado yaliyoiva, akayapika kwa moto mdogo hadi maji yakaisha, akayakamua kwa kitambaa. Yalitoka mafuta ya kijani kibichi yenye harufu ya moshi. Jumapili asubuhi alitupaka sote, kuanzia baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na siku hiyo ndiye wa kusoma matangazo.

Hatukuwa tumefika hata barabarani mbwa wetu walipoanza kutufuata. Wa jirani wakajiunga. Kufika kwenye kituo cha kuuzia majani chai, tulikuwa na msafara. Baba aliwarushia mawe. Walikwepa, wakarudi, wakitikisa mikia kwa heshima zote.

Kanisani waliingia kimya, wakaketi karibu nasi. Baba aliposimama kusoma matangazo, mmoja mkubwa wa rangi ya kahawia akamfuata mbele, akaanza kumlamba kifundo cha mguu. Baba aliendelea kusoma. Alisoma habari za harambee ya paa huku akinyanyua mguu mmoja, kisha mwingine, kama mtu anayekanyaga makaa. Kwaya iliinamisha vichwa, mabega yakitikisika.

"Mzee," pasta akamnong'oneza, "hii mbwa ni yako?"

"Hapana, Pasta. Nafikiri imeokoka."

Nilidhani tungekufa kwa aibu. Lakini baada ya ibada, akina mama hawakuuliza habari za mbwa. Walimzunguka mama wakimgusa mikono. Mke wa pasta akamvuta kando, akamuuliza anapika kwa muda gani.

Ndani ya mwezi mmoja, kanisa zima lilinukia avokado, na mbwa wa kila kilima walikuwa wakihudhuria ibada zaidi kuliko vijana wetu. Mbwa mmoja alipanda hadi madhabahuni siku ya Meza ya Bwana. Wazee wakaitisha kikao. Mzee mmoja akapendekeza mafuta hayo yapigwe marufuku. Mke wa pasta akasimama, akavua viatu vyake mbele ya kikao kizima, akaonyesha visigino laini kama vya mtoto.

"Nani anataka nirudie zile za zamani?" akauliza.

Pasta alikuwa akitazama dari. Kikao kikaamua kwamba kila Jumapili mbwa wafungwe kamba nyumbani.

Basi wakafungwa, nao wakalia kwa uchungu kutoka kila boma, asubuhi nzima, milima yote ikiitikia. Pasta alijifunza kuhubiri kwa sauti ya juu sana, na wageni waliopita njiani wakaanza kusema kwamba kanisa letu lina moto.