Maziwa ya Mke Mdogo

Tangu Kimaiyo, mchungaji wa ng'ombe wa mzungu huko Subukia, aoe mke wa pili, Chemutai hakuwa na raha. Tapkigen, huyo mke mdogo, hajui hata kukandika ukuta, lakini mume haishi kusifu mursik yake. Eti maziwa lala! Nani asiyejua kusugua kibuyu kwa mkaa?

Siku moja Tapkigen alipoenda mtoni, Chemutai aliingia kwake akabadilisha maziwa: yake akayatia katika kibuyu cha mwenzake, ya mwenzake akayabeba hadi kwake. Leo ulimi wa mzee utasema ukweli.

Jioni Kimaiyo alionja kwa Chemutai kwanza, akakunja uso. "Mama Kiprono, mkono wako umezeeka."

Chemutai alicheka moyoni, akamfuata hadi kwa Tapkigen, kisingizio chake kuomba moto. Kimaiyo akanywa, akapangusa midomo, akamtazama yule msichana kwa macho ambayo Chemutai alikuwa ameshayasahau.

"Haya sasa ndiyo maziwa."

Kusema hawezi, mke mkubwa anayegusa vibuyu vya mwenzake ataitwa mchawi. Alirudi na kaa lake la moto, akiyaonea wivu maziwa yake mwenyewe.