Bei ya Karamu

Mimi nilisoma mpaka darasa la pili, na hata hiyo ya pili nilikuwa nafuata uji. Kwa hivyo nilipopata kazi kwa supamaketi moja Nyeri mjini, hiyo miaka ya tisini, nilizunguka kwetu Wamagana yote nikitangaza. Nilisalimia hata mbuzi. Mama mkwe, mwenye hakuwa ananipea hata kiti, akanichinjia kuku. Lakini bosi alikuwa amesema ni mwezi moja ya kujaribiwa: kosa moja tu, narudi kuchuna chai. Na kuku nimeshakula.

Kazi ilikuwa kupiga bei. Unashika mashine kama bastola, ta-ta-ta, stika inashika kwa mkebe. Siku hizo bei ilikuwa inapanda ni kama imefukuzwa na mbwa. Asubuhi napiga, saa sita bosi anatoka ofisi, "Piga ingine juu yake!" Mkebe ya mafuta ya kupika ilivaa stika mpaka ikanona. Ukiangusha hausikii kitu. Na wamama walijua hiyo maneno, wanabandua na kucha pole pole wakitafuta bei ya mwaka jana huko chini.

Ijumaa moja mashine ikakwama, na bosi ameshapandisha sukari na mafuta. Akanipea kalamu yake.

"Leo bei ni ya karamu," akasema. "Andika notisi kwa mlango, kastoma wasishtuke."

Sisi watu wa huku, L na R kwa mdomo yetu ni mapacha. Nikachukua katoni, nikaandika vile nimesikia, herufi kubwa kama ng'ombe: LEO BEI NI YA KARAMU.

Saa nne wamama wa kanisa wakajaa. Mkubwa wao, mama mnene wa kitambaa nyeupe, akanishika mkono.

"Kijana yangu, hii karamu ni ya nani?"

"Ni ya bosi, mama. Amenipea asubuhi."

"Mungu amuongeze! Na itatosha watu wote?"

"Itatosha. Iko na wino mingi."

"Ati waini? Ai! Na sisi ni watu wa kanisa!" Akageukia wenzake. "Bebeni sukari. Hiyo ya chupa tuachie wanaume."

Walibeba! Rafu zikabaki uchi. Kufika kwa kaunta, msichana akaitisha pesa.

"Karamu inalipishwa wapi?" mama akauliza. "Hata ya arusi hatulipi!"

Kelele ilisikika mpaka Naro Moru huko mbali. Bosi akatoka mbio, akaambiwa ni notisi. Mimi nikaanza kuona majani ya chai.

Bosi akavaa miwani. Akasoma. Akasoma tena, na kidole.

"Leo bei ni ya karamu," akasema. "Sasa makosa iko wapi? Si hivyo ndio nilimwambia?"

"Hakuna makosa," mama akasema. "Basi tupakulie."

Bosi akatoa kalamu kwa mfuko yangu, akaipeperusha juu. "Karamu ni hii! Karamu!"

"Hiyo tunajua ni karamu," mama akajibu. "Tunauliza ile ingine."

Mpaka saa nane walikuwa wamekaa kwa mlango na vikapu, wakiimba. Bosi akachoka, akawauzia bei ya stika ya chini kabisa.

Kunifukuza ikamshinda, sababu kosa hajaliona mpaka leo. Alinikataza tu kuandika. Hata mshahara niliwekea kidole gumba.