Mzee Akisafiri

Miaka ile ya tisini nilikuwa wakala wa bima ya maisha, nikizunguka mashamba ya chai kutoka Kericho hadi Mogogosiek, tai shingoni na matope hadi magotini. Bima ya maisha, jamani! Aliyeipa jina hilo hakuwahi kuiuza. Unachozungumzia ni kifo, na huku kwetu huwezi kuketi kwa mzee, unywe maziwa yake ya mursik, kisha umwambie, "Mzee, ukifa..." Utakuwa umemlaani nyumbani kwake.

Kwa hiyo nilijitafutia neno. "Mzee, siku ukisafiri, mama na watoto watabaki na kitu." Wazee walielewa upesi, wengine wakacheka. Mke wangu naye alilijua neno hilo, maana kila asubuhi nilifanya mazoezi mbele yake nikifunga tai.

Hata hivyo watu walinichoka. Wakiniona kwenye kituo cha kupimia majani, waliinama kwenye vikapu vyao wakajifanya hawanijui. Kanisani walinipa mkono na kuuondoa haraka. Kila Jumatatu meneja alitupanga duara tupige makofi na kuimba kwamba tuna nguvu, halafu akatukumbusha kwamba asiyeleta mteja mwezi huo asirudi. Nilipiga makofi. Usiku sikulala, na ugali niliugusa tu. Hatukuwa na jina la ugonjwa huo. Ukilalamika uliambiwa uombe, au uache uvivu.

Asubuhi moja ya mvua niliketi kitandani, tai shingoni na kiatu kimoja mguuni, nikashindwa kuvaa cha pili. Mke wangu alikuwa akiandaa chai. Akaniuliza kama siendi kazini.

"Nimechoka, mama watoto," nikamwambia. "Mimi nataka tu kusafiri."

Nilikuwa nafikiria kwa dada yangu kule Siongiroi, nikalale siku kadhaa mahali ambapo sina mtu wa kumwuzia chochote.

Sufuria ilimponyoka. Akaenda kuufunga mlango, akasimama akiuegemea kwa mgongo.

"Hakuna kwenda mahali," akasema. "Hakuna! Toa hiyo tai. Hawa watoto unaniachia na nani?"

Nilianza kucheka, nikitaka kumweleza kwamba ni Siongiroi tu, si kwingine. Nilijaribu kulisema jina la mahali hapo na halikutoka. Chai ilikuwa imemwagika mpaka miguuni pake na hakuitazama; alinitazama mimi. Ndipo nikagundua kwamba sikuwa na hakika kama amenielewa vibaya. Niliogopa, tena niliogopa sana, kuliko nilivyowahi kumwogopa meneja.

"Mama watoto," nikasema, "usitoke hapo mlangoni."