Swali Kabla ya Chai

Darasani kwangu chai ya saa nne hupewi mpaka uulize swali. Wanafunzi huniita mkali, na mkali niko kweli. Ninafundisha Kiarabu hapa Embu mjini, ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa za mifugo. Wanafunzi wangu ni wasichana wanaosafiri Uarabuni kufanya kazi za nyumba. Mimi mwenyewe nilifanya kazi hiyo miaka sita, nikarudi mzima. Si wote niliowajua kule waliorudi.

Mkurugenzi wa chuo alitaka wajue kujibu tu. Ndiyo, mama. Niko tayari. Nisamehe. Basi. Nao walikariri kwa sauti moja kama watoto wa chekechea, asiwepo hata mmoja wa kutaka kujua chumvi inaitwaje kule. Sikuwashangaa. Sisi huku lugha za watu tulijifunza kwa kiboko. Ukiteleza shuleni ukasema Kiembu, unavishwa kibao cha aibu shingoni mpaka jioni. Nani angejifunza kuuliza hapo? Ndiyo maana nikaweka sheria ya chai.

Walianza kwa mzaha, wakiuliza kwa Kiarabu huitwaje kiroboto, ugali ulioungua, mume mvivu. Darasa likachangamka. Ni msichana mmoja tu wa Kanja aliyekaa kimya wiki nzima, akinywa maji ya mfereji wenzake wakinywa chai. Alikuwa amemwachia shosho, bibi yake, mtoto ambaye hata hajaanza kutembea, na kazi hiyo ndiyo walikuwa wakiitegemea wote watatu. Siku ya Ijumaa akainua mkono.

"Madam, nataka kumuuliza mwajiri hivi: aliyekuwa akifanya kazi hapa kabla yangu, yuko wapi?"

Ngai! Chaki ilinianguka. Mimi kule Uarabuni nililalia godoro la aliyenitangulia, nikakuta nywele zake kwenye mto, na sikuwahi kuuliza. Nikaliandika swali ubaoni kwa Kiarabu, tukalirudia mpaka likakaa mdomoni. Hakuna aliyecheka. Chai ilipoa kwenye vikombe.

Mkurugenzi alipoliona alilifuta kwa kiganja. "Madam, hawa wanaenda kuosha vyombo, si kufanya upelelezi."

Wiki iliyofuata msichana wa Kanja alihojiwa na mwajiri kwa simu ya video, pale ofisini. Mimi nilikaa kando nimsaidie akikwama. Hakukwama. Yule mama wa kule alitabasamu, akamsifu, akasema atamchukua. Mkurugenzi akamkonyeza aseme asante. Yeye akauliza lile swali, taratibu, kila neno mahali pake.

Tabasamu likaisha. Yule mama akageuka kutazama mlango uliokuwa nyuma yake, kisha akauliza, "Nani amekufundisha kuuliza hivyo?" Simu ikakatwa.

Mkurugenzi alifoka mpaka mate yakamtoka. Msichana akakaa kwenye ngazi akilia: kazi imeenda, na mtoto anataka maziwa. "Nilikosea, madam?" Nikamwambia hapana, hukukosea hata kidogo. Niliogopa, sitaficha.

Nyumba ya yule mama haikukaa bila mtu. Ilimchukua msichana wa Mikinduri, wa darasa la jioni, ambalo mkurugenzi analifundisha mwenyewe. Siku ya safari nilimvizia getini, nikamsihi aulize kwanza, ama asiende kabisa. Alikuwa amevaa fulana mpya ya chuo, amependeza. Akacheka. "Niko tayari, mama," akanijibu kwa Kiarabu safi, akaingia kwenye gari.

Msichana wa Kanja sasa anauza ndizi sokoni. Sipiti hapo bila yeye kunishika mkono na kuniuliza, "Madam, yule aliyeenda badala yangu, yuko wapi?"

Tangu Pasaka nampigia yule wa Mikinduri. Simu haiingii.